Mahesabu usiyaruke, urafiki umo humohumo

Swali nililoletewa: "Mwalimu shikamoo. Rafiki yangu kanipa riwaya ya anga za mbali, mtu kabaki peke yake kwenye chombo, dunia iko mbali mno, vitu vinaharibika kimoja baada ya kingine, halafu kinatokea kidude kutoka nyota nyingine, hakina uso, kinaongea kwa kubadilisha rangi za ngozi, basi wanaanza kusaidiana. Nimefika nusu, sasa hivi yeye anaumwa na mwenzake kakaa naye tu anamsubiri, nimelia kama mtoto, naogopa atakufa. Shida yangu kurasa za mahesabu naziruka zote maana fizikia na mimi tuliachana zamani. Je kuna kitu nakikosa? Na haya mambo yanawezekana kweli au mwandishi katunywesha chai?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla sijajibu chochote rudi kasome ulivyoandika mwenyewe. Umeanza na "kidude", kinatokea, hakina uso, kinaongea. Sentensi inayofuata tayari "yeye anaumwa", "naogopa atakufa". Umemtoa kwenye ki- ukamwingiza kwenye a- na wala hukustuka, hakuna mtu aliyekwambia ufanye hivyo, ni riwaya imekufanyia hiyo kazi kimyakimya ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Watu wa lugha nyingine wanahitaji maelezo marefu kueleza siku ambayo kile kitisho kiligeuka kuwa mtu, sisi tunayo kwenye kiambishi. Sasa swali langu kwako ni hili, ilitokea ukurasa wa ngapi? Nina uhakika hujui, na nina uhakika pia ilitokea kwenye moja ya zile kurasa ulizoruka, au pembeni yake kabisa.

Kwa hiyo jibu fupi ndiyo, kuna kitu unakikosa, na si fizikia.

Nimefundisha fizikia miaka mingi na riwaya za aina hii nimezisoma tangu nina umri wa kuficha kitabu chini ya shuka, na kosa ninaloliona kwa wasomaji wengi ni kudhani kwamba kitabu kina vitu viwili, kuna hadithi na kuna mahesabu, kama nyama na mfupa, kwa hiyo unakula nyama mfupa unaweka pembeni. Hapana. Kwenye riwaya nzuri ya kunusurika angani hesabu ndiyo mapigano yenyewe. Steringi hana panga hana bunduki, adui hana sura, adui ni namba inayoshuka. Ukiruka ukurasa wa namba ni sawa na mtu anayeangalia filamu ya ngumi halafu kila ngumi ikianza anaenda jikoni kunywa maji, anarudi anakuta mmoja kalala chini, anauliza imekuaje.

Ila sisemi ukokotoe. Mimi mwenyewe nikiwa kitandani sikokotoi. Ukifika kwenye zile kurasa jiulize kitu kimoja tu, hapa ni nini kinaisha? Hewa, maji, umeme, mafuta, muda, usingizi. Kuna kitu kinaisha na kuna kiasi kilichobaki, na mtu anatafuta namna ya kufanya kilichobaki kitoshe. Hesabu hiyo unaijua toka zamani, kila mtu aliyewahi kuona tarehe ya mwisho wa mwezi ikiwa mbali kuliko hela yake anaijua. Hizo alama za x na mizizi ya mraba ni nguo tu.

Nikupe mfano wa kweli uone inavyokuwa, maana riwaya nyingi za hivi zina deni kwa tukio hili hata kama hazilitaji. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kiko kama kilomita 330,000 kutoka duniani, tangi la oksijeni linalipuka. Ndani kuna watu watatu, Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise. Chombo kikuu kinakosa umeme, wanahamia kwenye kile kidogo cha kutulia mwezini ambacho kilitengenezwa kwa watu wawili kwa siku kama mbili, na wao ni watatu na safari ya kurudi ni karibu siku nne. Sasa niambie, ni nini kinaisha kwanza?

Kila mtu ninayemuuliza ananijibu oksijeni. Si oksijeni, oksijeni kwenye kile chombo kidogo ilikuwepo ya kutosha na ilibaki. Kilichotaka kuwaua ni pumzi zao wenyewe. Mtu mmoja anatoa karibu kilo nzima ya kabonidayoksaidi kwa siku, na kwenye chumba kilichofungwa ile hewa haina pa kwenda, inajikusanya, kichwa kinauma, akili inakuwa nzito, halafu unalala usiamke. Kikulacho ki nguoni mwako, hapa kilikuwa kifuani kabisa. Dawa yake ni makopo yenye lithiamu haidroksaidi yanayoinyonya hiyo hewa chafu, na makopo ya akiba walikuwa nayo, tatizo ya chombo kikuu yalikuwa ya mraba na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya duara. Yaani watu wamefika mwezini kabla ya hapo halafu roho tatu zinaning'inia kwa sababu ya mraba na duara. Wahandisi chini wakachukua vitu vilevile vilivyokuwemo chomboni, mifuko ya plastiki, makava ya vitabu vya maelekezo, mipira ya hewa ya kwenye suti na tepu ya kubandikia, wakaunda kifaa, wakakisoma kwa redio hatua kwa hatua na wale juu wakakitengeneza kwa mikono. Ikafanya kazi. Maji walikunywa kidogo mno, joto likashuka mpaka nyuzi chache juu ya barafu, wakafika tarehe 17 wakiwa wamekonda ila hai.

Sasa kuna kipande kimoja cha kisa hiki ambacho watu hawakisemi sana na mimi ndicho ninachokipenda kuliko hata yale makopo. Wakati wanahama, Lovell alitakiwa kuhamisha namba za mwelekeo wa chombo kutoka kwenye kompyuta moja kwenda nyingine, na zilihitaji kujumlishwa na kutolewa kwa mkono, kwa penseli. Hesabu za shule ya msingi kabisa. Huyu ni mtu ambaye alikuwa ameshaenda angani mara tatu kabla. Na alichofanya ni kuwaita watu wa chini kwenye redio na kuwaomba wamkagulie hesabu yake. Akaisoma, chini watu wakakaa wakaipiga upya, wakamjibu iko sawa.

Tafakari hapo kidogo. Upweke wa angani ninavyouelewa mimi si kukosa wa kupiga naye stori. Michael Collins wa Apollo 11 mwaka 1969 alizunguka upande wa nyuma wa mwezi peke yake wakati wenzake wawili wako chini, redio haifiki, na baadaye aliandika kwamba hakujisikia mpweke kabisa, alikuwa anafurahia. Upweke wenyewe ni kuwa na hesabu ambayo ukiikosea unakufa na hakuna hata mtu mmoja wa kukwambia hebu angalia tena ile saba. Ndiyo maana kile kiumbe kinapotokea kwenye riwaya yako, siku kinapoigusa namba ya steringi na kuonyesha hapa umekosea, hiyo ndiyo siku urafiki umeanza. Hawajakumbatiana, hawajui hata majina ya kila mmoja, ila kuanzia hapo kuna akili mbili juu ya tatizo moja. Na wewe umeuruka huo ukurasa! Ndio ninachokulaumu, kwa upendo.

Haya twende kwenye chai.

Mambo ya mwili na chombo mara nyingi waandishi wazuri wanakuwa wakweli kuliko filamu. Kwa mfano filamu zinatudanganya kwamba ukitoka nje bila suti unaganda papo hapo. Huwezi kuganda papo hapo kwa sababu hakuna hewa ya kulichukua joto lako, ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, ni kama ile chupa ya chai inayotunza joto, na kwa kweli chombo kikubwa kinasumbuka zaidi kutupa joto nje kuliko kulitafuta, ndo maana kile kituo cha anga cha kimataifa kina yale mabawa meupe ya kupozea yenye amonia ndani. Apollo 13 walipata baridi kwa sababu walizima vifaa karibu vyote na joto likavuja polepole kwa siku nzima nzima. Kinachokuwahi nje ni kukosa presha. Mwaka 1966 fundi mmoja wa suti huko Marekani, Jim LeBlanc, alikuwa kwenye chumba cha majaribio kilichonyonywa hewa, mpira wa suti yake ukachomoka, alibaki na fahamu kama sekunde 14 na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yanachemka juu ya ulimi. Alipona, wakarudisha hewa haraka. Kwa hiyo ukikuta mwandishi ametaja mate yanayochemka ujue huyo amesoma, mpe heshima yake.

Au lile suala la chombo kuzunguka ili watu wawe na uzito. Inawezekana, ila kina sharti la ukubwa. Kama unataka uzito sawa na wa duniani na hutaki watu watapike, tuseme mizunguko miwili kwa dakika, basi kutoka katikati mpaka sakafuni panatakiwa kama mita 224. Mizunguko minne kwa dakika inatosha mita 56 lakini ukigeuza shingo ghafla kichwa kinazunguka. Ukikuta chombo kidogo kama daladala kinazunguka taratibu na watu wanatembea humo kama wako sebuleni, hiyo ni chai na sukari juu. Ila mimi huwa nasamehe, hadithi ikiwa tamu nasamehe mambo mengi.

Kwenye lugha ndipo wanapotudanganya sana, na hapa hata mimi nakubali kudanganywa maana bila hivyo kitabu kingekuwa na kurasa elfu kumi. Mwanafalsafa W. V. Quine mwaka 1960 aliuliza hivi, uko na watu usiojua lugha yao, anapita sungura, mmoja anasema "gavagai". Je amesema sungura? Au masikio? Au anakimbia? Au kitoweo? Hakuna namna ya kujua kwa mara moja, na hao ni binadamu wenzako wenye macho na vidole. Kuna mtaalamu wa lugha aliitwa Kenneth Pike, alikuwa anafanya maonyesho mbele ya watu, analetewa mzungumzaji wa lugha asiyoijua hata neno, hawatumii lugha ya tatu, ana majani na vijiti tu mkononi, na ndani ya muda mfupi anaanza kuunda sentensi. Inasisimua sana, ila kumbuka Pike na yule mwenzake wote wana mdomo, wote wanajua kunyoosha kidole maana yake angalia kule. Kiumbe wako wa rangi kidole atakiona ni nini? Labda ni kidole tu. Pweza tunaishi naye sayari moja, anabadilisha rangi vilevile, ana akili, ana seli za neva kama milioni 500 na nyingi ziko kwenye mikono, babu yetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na mpaka leo hatujui kumsalimia.

Kwa hiyo ukiona steringi ameshika lugha nzima ndani ya wiki chache, tabasamu uendelee.

Lakini angalia wameanzia wapi. Waandishi wanaojua kazi hawaanzi na jina langu nani jina lako nani. Wanaanza na kuhesabu na vitu ambavyo ni vilevile kila mahali. Haidrojeni ya hapa na haidrojeni ya nyota ya mbali ni kitu kimoja, ina wimbi lake la redio la sentimita 21, na hilo wimbi halina uraia. Watu waliotengeneza kile kibao cha salamu kwa viumbe wa mbali kilichobandikwa kwenye chombo cha Pioneer 10 mwaka 1972 walitumia hilohilo kama rula, wakachora mwanamke na pembeni yake alama ya nane, yaani urefu wake ni nane mara sentimita 21, mita 1.68. Hawakuandika mita, nani huko anajua mita. Waliandika yeye ni nane za hiki ambacho na wewe unacho.

Najua hizi kurasa za kupatana vipimo ndizo zinazochosha kuliko zote, huyu anapiga saa yake, yule anapiga yake, wanalinganisha, wanaandika. Usiziruke hata hizo, na nikwambie kwa nini. Septemba 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kikiwa kinafika Mars kwa sababu programu ya kundi moja ilikuwa inatoa namba za msukumo kwa paundi na kundi jingine linazipokea likijua ni kwa niutoni, kipimo kingine cha nguvu. Tofauti ni karibu mara nne na nusu. Hao wote ni watu wa nchi moja, wanaongea lugha moja, pengine walikuwa wanatakiana siku njema kila asubuhi. Walielewana kila neno, namba hawakuelewana. Sasa wale wawili wa kwenye riwaya yako hawaelewani hata neno lakini wameshapatana sekunde ni nini. Mimi ningepanda chombo cha hao wa pili.

Halafu kwenye yale uliyouliza kama yanawezekana kuna urafiki wenyewe, wa viumbe wasioweza hata kukaa chumba kimoja. Nadhani kwenye kitabu chako nao kuna ukuta katikati, karibu vyote huwa nao, kwa sababu hewa ya mmoja ni sumu ya mwingine au presha haziendani. Watu wanadhani ule ukuta ni mbwembwe za mwandishi. Upo kwenye historia. Julai 1975 Wamarekani na Wasovieti, ambao walikuwa wanaelekezeana makombora, waliunganisha vyombo vyao juu huko, Apollo na Soyuz. Na hewa zao zilikuwa hazipatani! Apollo ilikuwa na oksijeni tupu kwa presha ya kama theluthi moja ya hewa yetu ya kawaida, Soyuz ilikuwa na hewa kama hii tunayovuta, naitrojeni na oksijeni. Ungetoka Soyuz ukaingia Apollo moja kwa moja naitrojeni ingetoka kwenye damu kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Ikabidi Wasovieti washushe presha yao mpaka kama theluthi mbili, na kikatengenezwa chumba cha katikati, unaingia, unafunga mlango wa nyuma, hewa inabadilishwa taratibu, ndo unafungua wa mbele. Hata kifaa cha kuunganishia walikibuni upya ili pande zote mbili zifanane, hakuna upande wa kuingiza na upande wa kuingizwa, maana hakuna nchi iliyotaka kuwa wa pili. Nacheka kila nikikumbuka hiyo, ila ni akili nzuri sana, kila upande unaweza kuwa mshikaji au mshikwaji kulingana na siku.

Na lugha je? Wamarekani waliongea Kirusi na Warusi waliongea Kiingereza, kila mtu anahangaika na lugha ya mwenzake, kwa sababu mtu akiongea lugha ngeni anaongea polepole na kwa maneno machache na mwenye lugha anaelewa. Alexei Leonov, kamanda wa Soyuz, alikuwa anatania kwamba chomboni kuna lugha tatu, Kirusi, Kiingereza na "Oklahomski", yaani Kirusi cha Tom Stafford, kamanda wa Apollo aliyezaliwa jimbo la Oklahoma. Huyo Leonov aliwapa wageni wake tyubu zimeandikwa vodka, wakafungua kwa adabu zote wakakuta supu. Miaka 44 baadaye, 2019, Leonov alipofariki, Stafford mzee wa miaka 89 alisafiri mpaka kwenye mazishi na akasimama kuongea. Sasa watu hao walikutana wapi, kwenye kazi gani? Kwenye kupanga presha na kupima bolti. Miaka ya mazoezi ya kukagulia mwenzio hesabu.

Kwa hiyo kama unauliza inawezekana, ile sehemu ya rangi na nyota nyingine sijui mwandishi kaipata wapi, nampa ruhusa yake. Ila ile sehemu iliyokuliza ndiyo yenye ushahidi.

Namna ya kusoma nusu iliyobaki basi. Usimalizie kwanza. Najua unataka kujua kama anapona, vumilia siku mbili, rudi nyuma kwenye kurasa ulizoruka, zitakuwa kama arobaini hivi si nyingi, uzisome kwa sauti kama unaweza, maana namba zikisomwa kwa macho tu zinateleza na zikisomwa kwa mdomo zinakaa. Sentensi usiyoielewa ipite, usirudie mara tatu, wewe tafuta tu kinachoisha. Kama kuna mchoro wa chombo mwanzoni mwa kitabu weka kidole hapo. Kama rafiki yako aliyekupa kitabu yupo karibu, mwambie akueleze ukurasa mmoja yeye na wewe umweleze mwingine, mtagombana kidogo nani kaelewa vibaya, mtaurudia pamoja.

Halafu chukua penseli, tafuta ule mstari wa kwanza ambao kichwani mwako uliacha kusema "kinafanya" ukasema "anafanya". Uwekee alama. Ukishaupata niandikie namba ya ukurasa, na uniambie siku hiyo chomboni kilikuwa kinaisha nini.